Chuma cha kupuliza kinashikaje kwenye shafti, na kwanini kingine kinabanduka kama ganda la yai

Nina kipande cha chuma nimekitunza kwenye droo ya zana, kinaenea kwenye kiganja, kimepinda kama kigae na unene wake haufiki milimita moja na nusu. Kilibanduka kwenye shafti ya pampu ya umwagiliaji ambayo ilijazwa kwa kupuliza, na wala haikuchukua miaka, wiki tatu tu tangu pampu ifungwe. Mwenye pampu alikuja nacho kakizungushia gazeti, akakiweka juu ya meza, na hakuwa na haja ya maneno mengi maana kila mtu pale karakana alijua kazi ile ilitoka mikononi mwetu. Kwa juu kilikuwa kinang'aa jinsi kilivyosagwa. Ukikigeuza, na ndani nako laini, unaona kabisa ile mistari myembamba ya kisu cha leth (mashine ya kukereza) imejichapa pale kama alama ya kidole kwenye udongo mbichi. Huo ulaini wa ndani ulinisumbua kichwa muda mrefu, na ukiuelewa huo umeelewa karibu kila kitu kuhusu jinsi chuma cha kupuliza kinavyoshika.

Twende taratibu. Shafti ikiliwa na beringi au pakingi, njia ambayo wengi tunaijua ni kuijaza kwa weldingi alafu kuikereza upya. Shida ni kwamba weldingi inaleta joto kali sana sehemu moja, shafti ndefu inapinda, na kama ilikuwa imetiwa ugumu kiwandani ule ugumu unaharibika. Ndio maana ikaja hii njia nyingine, unafunga shafti kwenye leth inazunguka, unakuja na bunduki inayoyeyusha waya au unga wa chuma, hewa ya presha inaukata ule uji wa chuma kuwa vitone vidogo na kuvirusha kwenye shafti, unapita huku na huku mpaka tabaka linafika unene unaoutaka, ukimaliza unakereza au unasaga kurudi kwenye saizi. Shafti yenyewe ukiwa makini haivuki nyuzi 150 hivi, kwahiyo haipindi. Na kizuri zaidi haulazimiki kurudisha chuma kilekile kilicholiwa: juu ya shafti ya chuma cha kawaida unaweza kuweka chuma chenye kromu asilimia 13, au molibdeni, au tangsteni kabaidi ambayo ni ngumu sana kuliko chuma, ikawa inavumilia msuguano kuliko hata siku ilipotoka kiwandani.

Wazo lenyewe lina zaidi ya miaka mia moja. Aliyelianzisha ni Mswisi, Max Ulrich Schoop wa Zürich, mwanzoni mwa miaka ya 1900, na inasimuliwa kwamba lilimjia baada ya kuona risasi za bunduki ya kuchezea zikigonga ukuta, zikabapa na kunata palepale. Shika hiyo picha ya risasi na ukuta. Kitu kilaini kimerushwa kwa kasi, kimebapa, kimenata, lakini ukuta haukuyeyuka hata kidogo.

Na hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunadhani chuma kilichoyeyuka kikitua juu ya chuma kingine basi vimeshaungana kama weldingi, kazi imeisha. Haiko hivyo kabisa. Fikiria tone la chuma linatua likiwa na nyuzi 1,500 na kitu, shafti iko kwenye nyuzi 30 au tuseme 100. Pale wanapogusana joto la mpakani linaenda karibu na katikati, kama unavyochanganya ndoo ya maji ya moto na ndoo ya maji ya baridi, kwa vyuma vinavyofanana unapata kama nyuzi 800. Chuma cha shafti kinahitaji karibu 1,500 ili kiyeyuke. Kwahiyo ngozi ya shafti inapata moto, ndio, lakini haiyeyuki, alafu tone lenyewe ni dogo mno, upana wake ni mikroni 20 mpaka 100 hivi, yaani sehemu ndogo ya milimita moja, na linapoa kwa kasi inayofika nyuzi milioni moja kwa sekunde. Hata ile mashine ya arki ya waya mbili, inayoyeyusha waya kwa cheche ya umeme kati yake, ambayo matone yake yanatoka na moto zaidi ya huo, bado ile katikati haifikii kuyeyusha shafti, labda vidoa vidogo sana hapa na pale.

Sasa kama hakuna kilichoyeyushana, nani anashika?

Aliyewahi kuona nyumba ya kukandika ikijengwa ataelewa haraka. Fito zimefungwa, udongo umekandwa vizuri na maji, mtu anachota tonge lake anaubamiza. Haupaki taratibu, anaubamiza, ili udongo upenye katikati ya fito utokeze upande wa pili uzikumbatie. Ukikauka, udongo haujaungana na mti hata kidogo, hakuna gundi pale, lakini huwezi kuutoa bila kuuvunja kwasababu umejifunga nyuma ya fito. Tone la chuma linafanya hivyohivyo. Linapotua linabapa kama chapati, unene wake unabaki mikroni chache tu, na kwa ule muda mfupi ambao bado ni maji linaingia kwenye vishimo na chini ya vingoe vya uso wa shafti, linaganda humohumo na linapoganda linajibana. Chapati nyingine inatua juu yake, na nyingine, maelfu kwa maelfu, zimelaliana, katikati yake kuna vinyweleo vya hewa na ngozi nyembamba za oksaidi maana matone yamesafiri hewani yakiwa ya moto. Hilo ndilo tabaka lako. Sehemu kubwa ya mshiko wake na shafti ni huko kujifunga kwenye vingoe, sio kuungana.

Ndio maana kipande changu kilikuwa laini kwa ndani. Shafti ilikuwa laini! Ilikerezwa, ikapigwa msasa ili ionekane safi, ikafutwa na thina, ikapulizwa. Fito hazikuwepo. Fundi mwashi angetushangaa, yeye zege likitoka kwenye foma likiwa laini hathubutu kupiga lipu kabla hajalichokoa kwa tindo, anajua lipu itatoka ukuta mzima siku moja.

Lakini naomba nieleweke kwenye hili la ukwaruzo, maana sio kila ukwaruzo unafaa. Msasa unachora mifereji myembamba, mifupi kwenda chini, yote imeelekea upande mmoja, kingo zake zimelala. Tone likiingia humo linatoka kama lilivyoingia. Kinachotakiwa ni uso uliopigwa na chembe zenye pembe kali, na kwa kazi hii watu wengi wanatumia chembe za oksaidi ya alumini, zile za kahawia, zinazorushwa na hewa ya kompresa zikamega chuma na kuacha mashimo yasiyo na mpangilio, mengine yana mdomo mwembamba kuliko tumbo. Kwa kazi za arki na moto wa gesi unataka kina cha kuanzia mikroni 50, 75 hivi kutoka bonde hadi kilele, na ukipitisha kidole (usipitishe, nitasema kwanini) ungehisi kama ulimi wa paka. Vile vilele vikali vina faida nyingine pia ambayo watu hawaisemi sana: kilele chembamba hakina pa kupeleka joto, kwahiyo tone likikifunika kinapata moto mara nyingi zaidi ya uwanja bapa, na hapo ndipo vile vidoa vidogo vya kuyeyushana kweli vinapotokea. Chembe za duara hazifai hata kama zinapigwa kwa presha kubwa, zinagonga na kulainisha tu. Na chembe zilizotumika mara nyingi zinakuwa za duara, pembe zimeisha, unapiga nusu saa uso unakuwa mweupe wa kupendeza lakini meno hakuna. Ukizidisha napo unaharibu, vipande vya chembe vinajikita ndani ya chuma na kubaki humo, tone linatua juu ya kipande cha jiwe badala ya chuma.

Mafundi wa zamani walikuwa wanakereza uzi mkali kwenye shafti kabla ya kupuliza, na unashika kweli, ila kila mfereji wa uzi ni mahali pa ufa kuanzia. Kwenye shafti inayobeba mzigo wa kupinda mi siwezi kuushauri.

Tuje kwenye usafi. Meno ndio mshiko mkuu, ila kuna msaidizi wake, mvutano wa atomu na atomu, na huu unafanya kazi pale tu vitu viwili vinapokaribiana kwa umbali wa nanomita. Mikroni moja ni nanomita 1,000. Sasa alama ya kidole chako, yenye mafuta na chumvi ya jasho, ni nene kiasi gani ukilinganisha na hapo? Ndio maana nimesema usipitishe kidole. Shafti ikishapigwa chembe inashikwa kwa glavu safi au haishikwi. Uso uliotoka kupigwa una njaa, umetolewa ngozi yake yote, unakula unyevu na oksijeni kwa haraka, na kwa hali ya hewa ya Dar, Tanga au Mombasa ukipiga asubuhi ukaenda kula, ukakaa ukaongea, ukarudi saa kumi kupuliza, kuna ngozi ya kutu pale hata kama jicho halioni. Mahali pakavu unaweza kupewa masaa machache, pwani mi nahesabu kwa dakika. Chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani lile joto ambalo unyevu wa hewa unaanza kugeuka maji juu ya chuma, chini ya hapo unapuliza juu ya maji.

Kuna jambo moja hapa linalowanasa hata wazoefu. Shafti ni baridi, unataka kuipasha kidogo kuondoa unyevu, unachukua moto wa gesi unaupitisha juu ya sehemu uliyoandaa. Moto wa gesi unapoungua unatengeneza maji, ni mvuke, na ukigusa chuma baridi unatoa jasho palepale kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Umepasha ili kukausha, umelowanisha. Moto uanzie pembeni, sehemu isiyopulizwa, joto litembee lenyewe kuja kwenye kazi mpaka shafti ifike kama nyuzi 100. Usizidishe mno, chuma cha kawaida kikianza kubadilika rangi ya njano hiyo tayari ni oksaidi na umerudi mwanzo. Faida ya chuma kikavu cha vuguvugu ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwasababu tone likitua kwenye uso baridi wenye unyevu ule unyevu unageuka mvuke chini yake, tone linarushwa linatawanyika kama maji ya mvua kwenye lami, vidole vidole, badala ya kutulia kama chapati nzima. Vidole havijazi mashimo.

Hewa ya kompresa ni mchawi mwingine. Kompresa ya mafuta isiyo na kichujio kizuri inatema ukungu wa mafuta na maji, unapiga chembe na kupaka mafuta kwa wakati mmoja. Chukua kitambaa cheupe, kipulizie hewa yenyewe tupu kwa dakika moja au mbili alafu kiangalie. Kama kina doa usianze kazi. Kasti aini (chuma cha kumimina) nayo ina siri yake, ndani kuna grafaiti na vinyweleo vinavyonyonya mafuta miaka yote pampu inapofanya kazi, unaifuta na thina inaonekana safi, ukiipasha moto mafuta yanatoka jasho. Hiyo lazima ichomwe kwanza mpaka iache kutoa moshi, ioshwe, ndio ipigwe chembe.

Na jamani, mchanga. Najua kwanini watu wanatumia mchanga wa kawaida, ni wa bure au karibu na bure. Mchanga wa baharini una chumvi, na chumvi inabaki kwenye mashimo, kutu inaanzia chini ya tabaka lako. Hilo ni la kazi. Lililo kubwa zaidi ni mapafu: mchanga una silika, ukivunjika kwa kupigwa unatoa vumbi laini lisiloonekana linaloingia ndani kabisa ya mapafu na halitoki, linaleta silikosisi, na silikosisi haina dawa ya kuiponya. Kitambaa usoni hakizuii hilo vumbi. Kijana anayeshika bomba la kupigia mchanga akiwa na fulana kichwani anaumia kidogo kidogo kila siku, na bosi wake anaokoa hela ya mifuko michache ya chembe. Hili naliandika kwa uchungu na sitalizunguka.

Turudi kwenye mshiko. Nimesema matone hayayeyushi shafti, lakini kuna vyuma viwili vinavyovunja hiyo sheria na ndio maana vinatumika kama tabaka la kwanza. Cha kwanza ni molibdeni, mtaani tunaita moli. Inayeyuka kwenye nyuzi 2,623. Rudia ile hesabu ya ndoo mbili: katikati ya 2,623 na shafti baridi, ukiweka na lile joto linalotoka tone linapoganda, unafika kwenye 1,500 ya kuyeyusha ngozi ya chuma. Kwahiyo tone la moli linachimba kidogo na kuungana kweli. Lina uzuri mwingine, oksaidi yake inapata mvuke na kuondoka kwa urahisi, tone linafika likiwa na uso safi kuliko tone la chuma ambalo limevaa ngozi ya oksaidi njia nzima. Kama umewahi kufungua injini ukaona ringi za pistoni zenye mstari wa kijivu katikati ya uso, au sinkro za gia boksi zilizopakwa kijivu, mara nyingi hiyo ni moli ya kupuliza. Ila jaribu kuipuliza kwenye kopa au brasi, haishiki, kwasababu kopa inanyonya joto na kulikimbiza haraka mno, uso wake haufiki kuyeyuka.

Cha pili ni nikeli na alumini kwa pamoja. Hivi viwili vikikutana vikiwa vya moto vinaungana kwa hasira, vinatoa joto lao wenyewe, kwahiyo tone linakuwa na moto wa ziada na linafika kwenye shafti bado lina nguvu ya kushika. Pia linaacha uso wenye makunyanzi mazuri kwa tabaka la juu kujishika. Wengine wanaona kwasababu haya yanashika yenyewe basi hakuna haja ya kupiga chembe. Yanashika kwenye uso safi uliokwaruzwa vizuri kuliko yanavyoshika kwenye uso laini, na mimi sioni sababu ya kuacha nusu ya mshiko mezani wakati bomba la chembe lipo.

Kitu cha tatu kinachoongeza mshiko ni kasi, na hapo mashine zinatofautiana sana. Moto wa kawaida wa gesi unarusha matone kwa kama mita 50 mpaka 100 kwa sekunde, arki zaidi kidogo ya hapo, plazma, yaani gesi iliyopashwa na umeme mpaka ikawa na joto kali mno, inafika mita 200 mpaka 400. Alafu kuna HVOF, ambayo mafuta au gesi inaungua na oksijeni ndani ya chemba kwa presha na kutoka kwenye pua ikiwa na kasi kuliko sauti, chembe zinaruka kwa mita 400 mpaka 800 kwa sekunde na hata zaidi. Zinatua zikiwa hazijayeyuka zote, ni kama nusu zimelainika, zinagonga kama nyundo, kila moja inaikandamiza ya chini yake. Ndio maana tangsteni kabaidi inapulizwa kwa HVOF: haihitaji moto mwingi ambao ungeiharibu, inahitaji kubamizwa. Miaka ya 1980 huko Novosibirsk kikundi cha wanasayansi kilienda mbali zaidi, wakapuliza unga wa chuma bila kuuyeyusha kabisa, kasi tupu, na ukashika, ngozi za oksaidi zinapasuka kwa mgongano chuma kinakutana na chuma uchi kwa uchi.

Mshiko unapimwaje? Kipimo kinachotumika sana ni cha kuvuta. Unapuliza kwenye uso wa duara wenye kipenyo cha milimita 25.4, unagundisha kipande kingine juu kwa gundi ya epoksi, unavuta kwenye mashine mpaka kitu kiachie. Chuma kilichopulizwa kwa arki vizuri kinashika kwa megapaskali 30 au 40. Tukiiweka kwa lugha ya kila siku, megapaskali 30 kwenye kile kiduara kidogo ni mzigo wa tani moja na nusu. HVOF ya kabaidi inavuka 70, na hapo kuna kitu cha kuchekesha kidogo ila ni kweli, gundi ndio inaachia kwanza, tabaka liko palepale, kwahiyo ripoti inaandika tu "zaidi ya 70" maana mshiko wenyewe hawakuufikia. Linganisha na chuma cha kawaida cha ujenzi, kinakatika kwa megapaskali 400 hivi. Maana yake tabaka la arki lina mshiko wa sehemu moja ya kumi ya chuma chenyewe. Inatosha kabisa kwa kukandamizwa na kusuguliwa, beringi, siili, pakingi, hakuna shida. Haitoshi kwa kugongwa nyundo, kwa meno ya gia, kwa nyuzi za bolti, kwa ncha ya jembe. Na haiongezi nguvu kwa shafti iliyokonda, shafti iliyokuwa karibu kukatika itakatika ikiwa imevaa koti jipya.

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo ilinichukua muda mrefu kuielewa, maana nilidhani mshiko ukiwa mzuri basi. Kuna mtu upande wa pili anavuta kamba.

Kumbuka nyumba ya kukandika ikianza kukauka, udongo unasinyaa, fito hazisinyai, nyufa zinatokea na sehemu zilizowekwa nene zinadondoka kabisa. Tone la chuma likiganda kwenye nyuzi 1,500 na kupoa mpaka joto la kawaida linataka kusinyaa kwa karibu asilimia 2. Fimbo ya mita moja ingepungua milimita 18 au zaidi. Lakini haliwezi, limeshikwa na shafti chini yake. Kwahiyo linabaki limevutika, lina hamu ya kusinyaa muda wote, na kila chapati inayoongezwa juu inaongeza hamu hiyo. Tabaka la nusu milimita linavuta kidogo, la milimita mbili linavuta sana, na mvuto huo wote unajikusanya kwenye kingo, pale tabaka linapoishia. Ndio maana kubanduka karibu kila mara kunaanzia ukingoni. Unakuta ukingo umeinuka kama kona ya stika, baada ya hapo ni suala la muda.

Kwahiyo chuma gani unapuliza kina maana kubwa. Stenlesi ya kawaida, ile ya sufuria, inatanuka na kusinyaa karibu mara moja na nusu ya chuma cha kawaida, ukiijaza nene inajing'oa yenyewe, wakati mwingine kabla haijatoka kwenye leth, unasikia tu "tik". Chuma cha kromu asilimia 13 kina bahati ya pekee, kikipoa muundo wake wa ndani unabadilika na kutanuka kidogo, unafuta sehemu ya ule usinyaaji, ndio maana ndicho kipenzi cha kujazia shafti kwa unene mkubwa. HVOF nayo ina ujanja wake, zile nyundo za chembe zinakandamiza tabaka kiasi kwamba linabaki limebanwa badala ya kuvutwa. Ila tangsteni kabaidi ikipata joto kwenye kazi inatanuka kama nusu tu ya chuma kilicho chini yake, kwahiyo wanaipuliza nyembamba, milimita 0.1 mpaka 0.3 mara nyingi, na inatosha.

Joto wakati wa kupuliza ndilo linalotibua zaidi. Fundi ana haraka, anapita bila kupumzika, shafti inapanda mpaka nyuzi 250, 300, kila kitu kimetanuka na mshiko unaonekana mzuri, alafu vyote vinapoa kwa viwango tofauti na mvuto unakuwa mkubwa. Pumzisha, peleka hewa baridi kavu, pima. Bunduki ielekee wima kwenye uso, nyuzi 90, ukishuka chini ya 45 vilele vinatupa kivuli kwenye mabonde, matone hayaingii, unapata mapango matupu chini ya tabaka. Mfereji uliokerezwa kwa ajili ya kujaza usiwe na kona ya mraba, ulaze kingo zake ziwe mteremko ili tabaka liingie na kufungwa humo, lisiishie kama ulimi mwembamba juu ya shafti.

Na kipande kikibanduka usikitupe, kigeuze. Kikiwa laini kinang'aa, hakukuwa na meno. Kikiwa na meno lakini shafti ina rangi ya njano au bluu, mtu alizidisha moto kabla ya kupuliza. Kutu iliyosambaa sawasawa eneo lote inasema unyevu au kuchelewa, kutu inayotambaa kutoka ukingoni inasema maji yaliingia baadaye kupitia vinyweleo na hapakuwekwa sila ya kuviziba. Vidoti vya kahawia vilivyojikita ni chembe zilizopigwa kupita kiasi. Na kama shafti imebaki na nusu ya tabaka na wewe umeshika nusu nyingine, basi mshiko na shafti ulikuwa mzuri, walioachana ni chapati kwa chapati, angalia umbali wa bunduki, joto na presha ya hewa.

Ile shafti ya pampu tuliirudia bila malipo. Tuliondoa tabaka lote, tukalaza kingo za mfereji, tukaosha, tukaipiga chembe mpya za oksaidi ya alumini mpaka ikapoteza mng'ao wote, ndani ya dakika 20 tabaka jembamba la nikeli na alumini lilikuwa limeshakaa, juu yake kromu 13 kwa mapito mafupi na mapumziko. Wakati wa kukereza nilisimama karibu na ukingo upande wa pakingi, maana ule wa kwanza uliinukia pale, na kisu kilipopita pale nilisikia sauti ileile moja kuanzia mwanzo mpaka mwisho wa tabaka.